Jicho Halina Risiti

Lori likiharibika, ugonjwa wake hujulikana kabla magurudumu hayajasimama vizuri. Dereva anaujua. Utingo anaujua. Kijana anayechoma mahindi kando ya barabara anaujua, na bosi aliyeko Dar es Salaam anaujua kwa simu, tena akiwa kwenye foleni ya Ubungo. Asiyejua ni mmoja tu, mimi fundi, ambaye ndiyo kwanza nimefika na boksi langu la spana na salamu yangu haijaitikiwa.

"Fundi, turbo imekufa. Fungua turbo."

Hawaulizi lori lina nini. Hilo wameshalimaliza. Kilichobaki ni mikono, na mikono ndiyo mimi.

Gereji yangu ipo Makambako, pale barabara kuu ya kwenda Tunduma inapoachana na ile ya Njombe na Songea. Wagonjwa wangu wanatoka pande zote. Wa kutoka bandarini wananifikia wakiwa wameshaupanda mlima wa Kitonga na mzigo wa Zambia au wa Kongo, injini zimechemka na madereva wamenuna. Wanaorudi na shaba wananipitia mlima huo ukiwa bado unawasubiri mbele, na hao ndio wanaoninyima usingizi, nitawafikia. Kutoka Dar hadi mpakani Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na lori la ekseli saba linaruhusiwa kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake. Chuma kinachobeba uzito huo kwa umbali huo lazima kiugue. Kwa hiyo wateja ninao. Nisiyekuwa naye ni mteja anayelipia kazi ninayoifanya.

Kazi ninayoifanya ni kujua. Kufungua nati hata utingo anaweza, ukimpa spana na kumwonyesha inazunguka upande gani. Lakini watu wanalipia kinachoonekana. Nikishusha gia boksi, nikashinda chini ya gari, nikatoka na grisi mpaka kwenye kope, bosi analipa na kuongeza hela ya sabuni. Nikilizunguka lori taratibu, nikainama, nikakaza klipu moja kwa bisibisi na moshi ukakatika, naambiwa "Mungu akubariki, fundi," na gari linaondoka. Nimebarikiwa sana katika maisha yangu. Mwenye nyumba ninayopanga hapokei baraka.

Haya, tuichukue hiyo turbo iliyokufa. Kilichomshtua dereva ni moshi mweusi na gari kuishiwa nguvu mlimani. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo, basi. Haujataja turbo wala nozeli. Umesema hewa haitoshi au mafuta yamezidi. Na hewa ya lori ina safari ndefu. Inapita kwenye filta, inasukumwa na turbo, inapozwa kwenye intakula kule mbele ya rejeta, ndipo iingie kwenye silinda. Ikivuja popote katika njia hiyo, moshi unakuwa mweusi ule ule. Mara nyingi mkosaji ni mpira wa kutoka turbo kwenda intakula, umepasuka upande wa chini, upande ambao hakuna anayeuangalia kwa sababu unachafua shati. Injini ikinguruma bila mzigo, mpasuko unajifumba na husikii kitu. Ikikutana na mlima, presha inapanda, mpasuko unafunguka, gari linapiga mluzi na nguvu yote inaishia barabarani. Hapo huhitaji mtambo wowote. Zima injini, pitisha kiganja chini ya mpira; kikirudi na oili iliyogandana na vumbi, umeshafika.

Turbo yenyewe nayo ina namna yake ya kuulizwa. Subiri ipoe, toa mpira wa kuingizia hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo pembeni, usipige kelele. Shafti ile huelea juu ya oili, na injini ikiwa imezimwa hakuna oili ya kuelea juu yake, lazima icheze. Ikiwa inaingia na kutoka, au mapanga yamekwangua ukuta wa nyumba yake, hapo ndipo tuzungumze biashara. Na tukizungumza biashara, swali langu la kwanza ni nani aliyeiua. Kitu kinachoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huishi kwa oili. Dereva anafika juu ya mlima, turbo ina moto, anazima injini papo hapo akawahi mchemsho. Oili inasimama, inaungulia ndani, inaganda kuwa masizi. Dakika mbili tatu za kuiacha ingurume polepole zingetosha, lakini mchemsho unapoa. Ukiniletea turbo mpya nikaifunga bila kuangalia kama bomba lake la oili limeziba, nitakuwa nimekuuzia kifo cha pili.

Ila nani ananisikiliza? Turbo imeshanunuliwa. Imesafiri usiku kwa basi kutoka Kariakoo, ipo kwenye kebini imefungwa kwa shuka, na bosi anataka arushiwe video wakati inafungwa. Naifunga. Gari linajaribiwa mlimani, linarudi.

"Fundi, moshi upo pale pale."

"Ndiyo, bosi. Mpira umepasuka. Nilikwambia jana."

"Sasa mbona hukusisitiza?"

Filta ya hewa sitaisemea sana, presha yangu itapanda. Utingo anaitoa, anaigonga kwenye tairi, kisha anaipuliza kwa upepo wa kompresa kwa karibu mpaka karatasi inachanika, anairudisha akiwa na furaha kwamba ameokoa hela ya filta. Vumbi la barabara linapita kwenye mchaniko, linakwenda kusaga ringi na laina. Miezi michache baadaye oili inapungua, moshi umekuwa wa bluu, na ukilegeza kifuniko cha kujazia oili wakati injini inawaka, kinarukaruka kwa upepo unaopanda kutoka chini ya pistoni. Hela ya filta imeokolewa. Injini inafunguliwa yote.

Wakati mwingine namfikiria mzee Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Hataza ya injini yake aliipata 1893, na hadi 1897 ndipo kule Augsburg akapata moja inayofanya kazi kweli kweli. Miaka minne anaangalia tu tatizo liko wapi! Mimi nikiinama nusu saa kuna mtu nyuma yangu anakohoa. Wazo la mzee lilikuwa la kibabe: usiweke plagi ya kurusha cheche. Bana hewa mpaka ibaki kwenye sehemu moja ya kumi na sita au ya kumi na nane ya nafasi iliyokuwa nayo, itapata moto wa zaidi ya nyuzi 500, kisha nyunyiza mafuta yajiwashe yenyewe. Ndiyo maana dizeli, ukiiondolea makorokoro, inadai vitu vitatu: hewa, mafuta na mbano. Mzee huyo alitoweka usiku wa mwezi Septemba 1913 akiwa melini kwenda Uingereza, na mpaka leo watu wanabishana yaliyompata. Wasichobishania ni kwamba alikuwa ameelemewa na madeni. Mtu ambaye injini yake inabeba mizigo ya dunia nzima alikufa anadaiwa. Mafundi hatujashangaa.

Sasa mafuta. Lori limelala salama, asubuhi haliwaki. Ukipampu kwa mkono linawaka, linakwenda kazi, linalala, kesho haliwaki tena. Dereva ameshatoa hukumu: pampu ya dizeli imekufa. Sijui ni nani aliyewafundisha kwamba uchunguzi uanzie kwenye kilicho ghali. Lori hilo linaingiza hewa. Upande wa kunyonya, kuanzia tankini, mpira uliochoka si lazima udondoshe dizeli chini uone tone. Unavuta hewa ndani. Usiku dizeli inarudi zake tankini, na asubuhi pampu inanyonya upepo. Dawa ya kulijua hilo ni dumu. Naweka dumu safi la dizeli mahali pa juu kidogo karibu na injini, nachomoa mpira wa kunyonyea nauchomeka humo. Injini ikiwaka na kutulia, pampu haina kosa. Mwizi yupo kati ya tanki na hapo nilipochomoa. Kisha naunga kipande cha mpira mweupe unaopitisha mwanga, natazama mapovu yanapita. Gharama yake hakuna. Na kwa kuwa gharama hakuna, naonekana nacheza na madumu.

Yapo madumu mengine. Kuna dizeli inauzwa kando ya barabara kwa bei ambayo huikuti kituo chochote. Imetoka kwenye tanki la lori, inaingia kwenye tanki la lori. Dereva wa kwanza anamwambia bosi wake kwamba gari siku hizi linakunywa sana, nozeli zimechoka. Bosi ananipigia simu nipime nozeli. Dereva wa pili anamwambia wake kwamba alijaza kituoni ila risiti imelowa. Dumu lilikuwa na maji, na hizo nozeli zimekufa kweli. Bosi ananipigia simu nipime nozeli. Nazipima zote. Za wa pili namwambia ukweli. Za wa kwanza ni nzima kabisa, na ugonjwa nilioukuta siwezi kuutaja, maana amesimama mbele yangu ananiuliza kama nimeshakula.

Na kile kikombe cha kuchuja maji kipo pembeni ya chesisi, kina koki ya kuzungusha kwa vidole, kimewekwa hapo ili asubuhi mtu akifungue, maji yatoke, afunge. Hakihitaji fundi. Nimeona vilivyopakwa rangi pamoja na chesisi, koki imezibwa, vinang'aa vizuri sana.

Zamani, injini ikikosa silinda moja, tulikuwa tunalegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine huku tunasikiliza. Silinda ukiilegezea na mngurumo usibadilike, hiyo ndiyo iliyolala. Wazee walinifundisha hivyo na ni elimu nzuri, kwa injini za wazee. Malori yanayoingia sasa yana reli moja inayogawa mafuta kwa nozeli zote, na presha ndani ya mabomba hayo inaweza kukaribia baa 2,000, nyingine hata kuzidi. Ukilegeza nati injini ikiwaka, dizeli inachomoka nyembamba hata huioni, inapenya ngozi. Kidonda chake kinaonekana kidogo, kumbe ni cha kukimbiziwa hospitali siku hiyo hiyo. Na bado wapo vijana wanaotafuta uvujaji kwa kidole. Tumia kipande cha boksi, dogo. Kidole hakipatikani Kariakoo, hata cha mtumba.

Halafu ikaja mashine.

Kabla ya mashine ya kusomea kompyuta ya gari, mteja angalau alikuwa ananidharau mimi mwenyewe. Sasa hanioni kabisa, anaona skrini. "Weka mashine, fundi." Naiweka. Inatoa namba: moja inataja sehemu inayolalamika, nyingine inasema inalalamika vipi, ipo juu kupita kiasi, ipo chini, waya umekatika. Kwa nini, haisemi. Ikiandika kwamba presha ya reli ipo chini, haijaandika nunua pampu. Inaweza kuwa filta imeziba. Inaweza kuwa ile hewa ya kwenye mpira, au nozeli inayorudisha mafuta mengi tankini, au sensa inadanganya kwa kuwa panya ametafuna waya wake gari likiwa limeegeshwa siku nyingi pale Tunduma. Lakini utingo ameshaipiga picha skrini, ameshaituma Dar, na Dar wameshaulizia bei ya pampu. Nabadilisha filta, presha inarudi, lori linavuta. Simu inaita.

"Lakini mashine ilisema pampu."

Mashine, mzee, haijawahi kumwona panya.

Malori yaliyotumika Ulaya yana kichekesho chake. Yanakuja na tanki la ziada lenye kifuniko cha bluu, la AdBlue, ambayo ni maji safi yenye urea asilimia 32.5, yananyunyizwa kwenye moshi ili uwe safi kabla haujatoka. Kompyuta ikiona mfumo huo hauna kitu, inaipunguzia injini nguvu mpaka ujazwe. Utingo amelijaza maji ya kisima, anasema yote maji. Nguvu inakatwa. Bosi hataki habari ya urea, anataka kompyuta "ifundishwe kusahau", na wapo vijana wanaokuja na laputopu wakaifundisha. Ikishafundishwa kunyamaza inanyamaza, hata siku lori linapokuwa na la kusema. Hapo naitwa mimi, kuzungumza na bubu.

Kama kuna kitu kitakachonizeesha kabla ya wakati, ni redio. Lori ni la volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo. Dereva amenunua redio ya gari dogo, ya volti 12, na kile kifaa cha kushusha umeme ameona ni ghali. Kwa hiyo anachukua umeme katikati, kwenye betri moja. Betri hiyo inapiga bongo fleva usiku kucha, inachaji simu za kijiwe kizima na kuzungusha feni ya kebini. Mwenzake ametulia tu. Altenata inazichaji zote mbili kwa pamoja, haina habari kwamba kuna mtumwa na kuna mwinyi. Aliyefanya kazi hajai hata siku moja. Aliyepumzika anajazwa kupita kiasi mpaka maji yake yanachemka. Haipiti muda zote zimekufa, moja kwa njaa na nyingine kwa shibe, na dereva anasema betri za siku hizi ni feki.

Huyo huyo ndiye atakayesema stata imekufa. Anawasha, inalia kwa unyonge, inakata. Kabla hujashusha stata, chukua mita ya umeme. Mguu mmoja weka kwenye nguzo ya hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha injini kilicho safi, mwambie utingo awashe. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani, kwenye ule waya mnene unaotoka betri kwenda chesisi na injini, pale ulipofungwa kwa bolti na kuota kutu. Fungua, piga msasa, paka grisi, kaza. Nimefanya hivyo kwa gari ambalo lilikuwa limeshabadilishiwa stata kwenye gereji nyingine, na ile ya zamani, iliyo nzima, imeachwa huko huko kwa fundi. Naye atakuwa ameiuza. Simlaumu, yeye angalau alilipwa.

Kuchemka ni hadithi nyingine, na mshtakiwa wake huwa ni temostati. Mtu aliwahi kusema kwamba huku kwetu kuna joto, temostati ni ya wazungu, na maneno hayo yakashika kuliko mahubiri. Inang'olewa, inatupwa. Kwanza, Makambako hakuna joto. Njooni mwezi wa saba mwone malori yanavyotoa moshi mweupe asubuhi, dizeli imegoma kuungua injini ikiwa ya baridi. Pili, kwenye injini nyingi temostati ikifunguka ndiyo inayoziba ile njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji haioni rejeta kabisa, na lori linachemka zaidi ya lilivyokuwa. Wakati huo chanzo chenyewe ni nyasi na vumbi lililojazana katikati ya intakula na rejeta, mahali ambapo hapaoni maji mpaka mtu avilegeze vyote viwili na kuviachanisha. Ni kazi ya bomba la maji na subira.

Na maji ya rejeta yanachotwa mtoni. Ile dawa ya kupozea ya rangi bosi anaiona anasa ya kuwapendezesha wazungu. Lakini laina za injini kubwa zinaguswa na maji kwa nje, na kila mlipuko ndani ya silinda unazitikisa. Mtikisiko huo unazaa vipovu vidogo kwenye maji, vinapasukia juu ya chuma na kukila kidogo kidogo, tundu baada ya tundu, mpaka maji yaingie ndani. Dawa ile ina kinga ya kuzuia hayo. Maji ya mto yana samaki. Siku utingo atakapochomoa kijiti cha kupimia oili na kukuta kilichomo ni chai ya maziwa, bosi atauliza kama sandarusi haiwezi kuziba.

Sasa wale wa Kitonga. Hapa sitanii sana.

Breki za lori ni za upepo, na wengi wanadhani kwa hiyo upepo ndio unaoshika gurudumu wakati wote. Kwa breki ya kuegeshea mambo ni kinyume: inayoshika ni springi nene ndani ya chemba, upepo kazi yake ni kuizuia. Upepo ukipotea, springi inashika na gari halitoki. Iliundwa hivyo makusudi, ili lori lisilo na upepo lisipate namna ya kuondoka. Ni akili kubwa, na dereva ananiletea akili hiyo nimtolee. "Mkuu, gari limeng'ang'ania, niachie hizo breki za nyuma nifike Iringa." Kweli ipo bolti ya kuibana springi gurudumu likawa huru. Imewekwa kwa ajili ya kulivuta gari bovu, si kwa ajili ya kuteremka nalo milima ukiwa na shaba mgongoni. Sibani. Amenitukana, amempigia bosi, bosi amenipigia, sijabana.

Ninachofanya ni kuacha upepo ujae mpaka mita ifike ukomo wake, nazima injini, nawanyamazisha wote pamoja na ile redio. Nasikiliza. Kisha maji ya sabuni kwenye chupa: kwenye viungio vya mipira ya tela, kwenye vali, kwenye kingo za chemba. Povu likiota, hapo hapo. Na matanki ya upepo nayafungulia chini. Yakitema maji yaliyochanganyika na oili najua kichujio cha kukaushia upepo kimesahaulika, na kompresa nayo inaomba kuangaliwa.

Lori likitoka kutembea, kabla dereva hajashuka, nazunguka na kipimajoto kwenye kila gurudumu. La moto kupita wenzake lina breki inayobaki imeshika au beringi inayokaribia kuaga. Linalonitia hofu zaidi ni la baridi. Maana yake halifungi kabisa, ajasta imekwama au imelegea, na wenzake wanafanya kazi yake mpaka waungue. Nikimwonyesha dereva gurudumu la baridi anafurahi: "Hilo ni zima, mkuu, hata halipati moto!"

Kisha kuna bingwa anayeteremka gia ikiwa huru ili kuokoa dizeli. Kwa injini za sasa, ukiteremka ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta inakata dizeli kabisa. Ni mlima ndio unaoizungusha injini. Ukiweka huru, injini inahitaji dizeli ya kuifanya iendelee kunguruma. Kwa hiyo bingwa anatumia mafuta zaidi ili apate nafasi ya kufa. Hesabu hiyo nimemwandikia mmoja kwa chaki kwenye bati la mlango wa gereji. Akaitazama kwa makini, akasema mwandiko wangu mzuri.

Huo mwandiko basi nimeutafutia kazi. Nimechukua ubao, rangi nyekundu, nimetundika pale juu penye kuonekana na kila anayeingia: KUANGALIA NI PESA. KUKAZA NI PESA NYINGINE. Madereva wameusoma. Mmoja ameuliza kama nikiangalia nisione kitu anarudishiwa hela. Mwingine amesema yeye atalipia ya kukaza tu, hiyo ya kuangalia atajiangalizia. Utingo wao ameupiga picha, picha imefika Dar, na haikuchukua muda simu ikaita.

"Fundi, hiyo bei ya kuangalia, ni ya macho yote mawili?"

Nikamwambia alipie la kulia, la kushoto ni ofa.